Maganda ya Beni si Maganda ya Butembo

Kahindo, ambaye sasa anaongoza ekipe yetu, alinipa kaye ya kurasa mia moja na kuniambia niandike kazi yote ninayoijua kabla sijaisahau. Nilimjibu kwamba nilisoma mpaka mwaka wa sita wa primere tu, na huo wa sita sikuumaliza vizuri. Akasema haidhuru, wanaoingia kazini siku hizi wana diploma na hawajui kukamua kitambaa. Donc, basi, ninaandika. Kama nimekosea mahali, yule aliyekuwepo anisahihishe. Asiyekuwepo asome kwanza.

Kazi yetu munaijua, lakini nitaieleza kwa mtu atakayefungua kaye hii bila kutujua. Mafundi wakimaliza kujenga nyumba, ao kuitengeneza upya, wanaondoka na kuacha matone ya simenti kwenye karo, yaani vigae vya sakafu, rangi kwenye vioo, misumari, mifuko, na vumbi linaloingia hata ndani ya tundu la ufunguo. Mwenye nyumba anaambia watu kwamba nyumba imekwisha. Haijakwisha. Inakwisha siku sisi tunatoka.

Nilianza Butembo, wakati vita ya kwanza ilikuwa imepita na ya pili hatujajua kama inakuja. Aliyenichukua ni Mama Katungu, Muprotestanti, mjane, mwanamke mfupi aliyefunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi. Siku ya kwanza alinipeleka kwenye nyumba ya vyumba vinne na kuniambia nianze. Hakusema nianze wapi. Nilikuwa na hamu ya kuonekana, nikapiga magoti nikasugua sakafu toka asubuhi mpaka saa sita, mpaka ukiinama unaona meno yako. Mama Katungu akaja mlangoni.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, mama."

"Iko muzuri sana."

Akachukua fimbo ndefu yenye ufagio kwenye ncha, akaanza kupiga plafo, dari la juu. Vumbi, buibui, maranda ya mbao, vyote vikashuka juu ya sakafu yangu. Hakunigombeza. Alipomaliza chumba kile akanipa fimbo na kwenda chumba cha pili. Toka siku ile sijawahi kuingia ndani ya nyumba bila kutazama juu kwanza. Hata kanisani. Padri mmoja alidhani nina ibada kubwa.

Vyombo vyetu havikuwa vya kununua. Mwiko wa fundi uliolika mpaka nusu ndio ulikuwa chuma chetu cha kubandulia simenti. Mswaki wa zamani ni wa pembe za madirisha. Wembe ni wa kutoa rangi kwenye kioo, lakini kioo kiwe kimelowa mayi ya sabuni. Ukikwangua kioo kikavu utaandika mistari ambayo mwenye nyumba ataisoma kila asubuhi maisha yake yote. Ukungu mweupe wa simenti juu ya karo unatoka kwa ndimu. Paka, ngoja muda wa Baba Yetu moja na Salamu Maria tatu, halafu suuza. Mama Katungu, kwa sababu ya dini yake, alihesabu kwa Baba Yetu mbili. Nilipima mara nyingi na sikuona tofauti kwenye karo.

Adui mkubwa ni vumbi la simenti lenyewe. Ukilifagia kavu linapanda, linapumzika hewani, halafu linarudi pale pale. Ukimwaga mayi linakuwa uji, na uji unakuwa simenti tena. Dawa ya Mama Katungu ilikuwa maganda ya kahawa. Tulikuwa tunayachukua bure kwenye mashine ya kukoboa, tunayanyunyizia mayi mpaka ukiyafinya yanashikana lakini hayatoi tone. Tunayamwaga chumba kizima, halafu tunayakusanya kwa ufagio toka ukuta wa mwisho mpaka mlangoni. Yanabeba vumbi lote. Kahawa ya milima yetu wakulima wanaitoa nyama na kuiosha huko huko shambani, kwa hiyo ganda linalofika kwenye mashine ni jepesi na jeupe kama ngozi ya kitunguu. Tuliweza kuyaacha ndani ya nyumba, tukaenda misa, tukarudi, hayakufanya kitu.

Neno juu ya mafundi, kwa sababu munawasema vibaya sana. Ni kweli wanadondosha. Lakini fundi ambaye hadondoshi simenti hajengi, na kama hajengi, nyinyi mutafagia nini?

Watu wa mbali waliniuliza nani alikuwa anajenga wakati wa vita. Butembo ilijenga. Wafanyabiashara walisema bidhaa ndani ya depo inaweza kubebwa usiku mmoja, ukuta haubebwi. Wengine walisema ni kiburi kujenga ghorofa wakati wenzako wanakimbia na magodoro kichwani. Labda walikuwa na haki. Lakini wapiga matofali, mafundi na sisi tulikula kwa kiburi hicho, na mimi siwezi kukitukana leo nikiwa nimeshiba. Juu ya askari nitasema pia jambo moja tu. Walikuja wa kila namna, na mabaya waliyoyafanya munayajua. Siku moja mmoja wao alitukuta tunapandisha mayi kwenye kilima, akatupigia kelele "noki noki", upesi upesi kwa Lingala, halafu akachukua bido mbili za mayi mwenyewe akazifikisha juu. Sisemi walikuwa wazuri. Ninasema yule alibeba.

Sasa nifike Beni, kwa sababu ndiyo kazi iliyonifundisha zaidi, na ndiyo ambayo nimekuwa nikiisimulia nusu.

Baba Kakule, mfanyabiashara wa vitenge, alikuwa na nyumba Beni ambayo askari walikaa ndani miezi mingi. Walipikia ndani ya salo, chumba cha wageni, juu ya mafiga, mpaka sakafu ikapasuka. Walipoondoka alivunja sakafu yote na kumwaga mpya, laini, ya simenti nyeupe iliyopita mpaka wa Kasindi kwa shida kubwa. Alikuwa na haraka. Binti yake Mbambu alikuwa anachumbiwa, na siku ya posho, yaani Jumamosi, wakwe walikuwa wanakuja na mahari. Mafundi walimaliza siku chache tu kabla. Baba Kakule alikuwa safarini, na bibi yake, Mama Mbambu, ndiye alikuwa juu ya kila kitu.

Mama Katungu alikuwa amelala na malaria. Akaniambia niende na Kavira, na kwamba mara hii mimi ndiye mkubwa. Sijui kama alifanya vizuri. Nilifurahi kupita kiasi.

Kavira alikuwa msichana wa Eringeti, kama miaka ishirini na miwili, mwenye mikono mizuri na maneno machache. Vita iliwatoa kwenye shamba lao la kahawa, yeye akaja kwa shangazi yake Butembo. Alikuwa nasi miezi mitano kwa kujaribu. Mama Katungu alikuwa amemwambia wazi kwamba kazi ya Beni ikienda vizuri atabaki nasi, ikienda vibaya hapana. Na shangazi naye alikuwa amemwambia nyumba ni ndogo, kama hakuna kazi arudi Eringeti. Wakati ule Eringeti hapakuwa mahali pa kumrudisha mtu. Mimi nilijua hayo yote tukiwa bado juu ya lori.

Siku ya pili ya juma, yaani Jumanne, tulisafisha plafo, madirisha na milango. Siku ya tatu, baada ya kula, tukafika kwenye vumbi la salo. Maganda niliyachukua kwenye mashine ya Beni, magunia manne. Yalikuwa meusi na mazito. Kahawa ya Beni ni ile ya chini, inakaushwa na nyama yake, na ganda lake ni nyama iliyokauka. Sikulifikiria. Kavira alichukua konzi moja, akanusa, akaniita yaya, ndiyo kusema mkubwa wake.

"Yaya, maganda aya iko na rangi. Kwetu hatukuwa tunayaweka karibu na nguo."

"Maganda ni maganda," nikamjibu. "Mwaga."

Akamwaga. Mimi nikaenda chumba cha nyuma kukwangua kioo. Muda kidogo, tukasikia milio upande wa kaskazini. Mwanzo tulidhani ni radi. Halafu Kasereka, fundi wa milango aliyekuwa anapiga misumari ya mwisho, akapita mbio na kusema watu wanashuka kwa wingi toka njia ya Oicha. Nikakimbia mpaka mlango wa salo. Kavira alikuwa na ufagio mkononi, mgongo kwangu. Nikasema, "Acha! Acha, twende!"

Akaacha. Tukaenda. Tulilala siku mbili ndani ya uwanja wa parokia na watu wengi, mvua ikatunyeshea mara moja, mapadri wakatupa uji. Vita ile haikufika mjini. Ilizungukazunguka kama mtu aliyesahau anuani, halafu ikarudi.

Siku ya tano, Ijumaa, asubuhi tukarudi kwenye nyumba. Maganda yalikuwa yamelala sakafuni siku mbili, yamelowa. Nikasukuma kidogo kwa mguu. Chini yake simenti nyeupe ilikuwa imekuwa kahawia, mabaka makubwa na madogo, kama mutu amemwaga chai ya ndoo kumi. Nikasugua kwa sabuni. Nikasugua kwa ndimu. Ndimu ikaanza kula simenti yenyewe, baka likabaki.

Mama Mbambu akaingia na wanawake wawili wa ukoo. Alikuwa amebeba mapazia mapya mikononi. Hakupiga kelele. Akayaweka mapazia juu ya kiti, akauliza:

"Nani aliacha hii?"

Kavira alikuwa kando yangu. Nikasema, "Mimi nilimwambia aache, mama."

Someni neno hilo vizuri, kwa sababu kwa Kiswahili chetu lina milango miwili. Lilikuwa kweli, nilimwambia aache, nilitaka tukimbie. Lakini Mama Mbambu alisikia kwamba nilimkataza yule msichana asitumie maganda, naye akafanya kichwa ngumu. Niliona usoni mwake kwamba amesikia hivyo. Nilikuwa na muda wa kuongeza maneno mengine, na sikuongeza. Nilimfikiria Mama Katungu, na mara yangu ya kwanza kuwa mkubwa.

Kavira akanitazama. Akasema tu, "Yaya." Mama Mbambu akasema huyu asikanyage tena ndani, na kwamba atamtumia Mama Katungu habari kwa shofere wa kwanza anayepanda Butembo. Kavira akachukua ndoo ya vitambaa vyetu vichafu, akatoka.

Nilibaki peke yangu na maganda. Nitaandika nilivyofikiria, hata kama si vizuri. Nilijiambia kwamba labda nimekumbuka vibaya. Labda Kavira alikuwa bado anamwaga nilipomwita, hajaanza kukusanya. Kama alikuwa bado anamwaga, basi alikuwa amechelewa kazi, na kuchelewa ni kosa lake. Nilijiambia hivyo nikiendelea kufagia. Nilipofika upande wa dirisha, hapakuwa na ganda. Na sakafu ilikuwa nyeupe, safi, toka ukuta wa mwisho mpaka karibu na katikati. Hapo katikati weupe ulikatika kwa vipinde vidogo vidogo, kimoja kando ya kingine. Nyinyi wenye kazi hii munajua ni nini. Ni alama ya ufagio wa mtu anayekusanya kwenda mlangoni, mkono wa kuume. Alikuwa amefika nusu. Angemaliza kwa robo saa. Ufagio wake ulikuwa umelala kwenye kipinde cha mwisho, pale pale nilipomwambia acha.

Niliuokota ufagio nikauegemeza ukutani. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba, kwenye jiko la nje, ambako Mama Mbambu alikuwa na wanawake kama kumi wanamenya ndizi. Nilitaka kumwita kando, lakini kosa la Kavira lilisemwa mbele ya watu, basi nikasema langu mbele ya watu. Nilisema mimi ndiye nilichukua maganda ya Beni bila kuyajua. Nilisema msichana alinionya nikamdharau. Alikuwa anayakusanya vizuri, mimi ndiye nilimtoa, na leo asubuhi nimesema neno la kweli ili lisikike kwa uongo.

Visu vikasimama. Mama Mbambu akapangusa mikono kwenye kitenge.

"Donc asubui ulinipatia mutu wa kufukuza. Sasa unanileteya mwengine."

"Ndiyo, mama."

"Na kesho ni siku ya posho. Nikikufukuza weye, nani atasugua?"

 Shangazi mmoja mzee, bila kuinua macho kwenye ndizi zake, akasema, "Fukuza bote, mukwe tumupokelee ku kibanda ya mbuzi. Kule hakuna baka." Wakacheka. Mama Mbambu hakucheka, lakini akasema nimwite yule mwingine arudi ndani, na kwamba akiuona weupe wote kesho hatatuma habari Butembo. Nilijua weupe ule hautarudi.

Kavira alikuwa kando ya tangi la mvua anafua vitambaa, kwa sababu lori la Butembo lilikuwa halijapatikana. Nikamweleza niliyoyasema jikoni, nikamwomba msamaha. Niliomba kwa muda mrefu. Hakusema amenisamehe. Alikamua kitambaa, akaniuliza:

"Maganda imebaki magunia ngapi?"

"Mbili."

"Nyeupe haitarudia, yaya. Kahawia njo inaweza kuongezeka."

Hilo ndilo wazo lote, na ni lake. Tulienda kumwambia Mama Mbambu. Alifunga macho kama mtu anayesali, halafu akatupa sufuria mbili kubwa za sherehe. Tukachemsha maganda mpaka mayi yakawa meusi, tukayachuja kwa kitenge kilichochakaa. Tulianza ukuta wa mwisho, mimi kushoto yeye kuume, tukapaka kwa vitambaa, mkono mmoja haukauki kabla ya mwingine kuungana nao. Upande mweupe tulipaka mara tatu, kwenye mabaka mara moja tu. Ikikauka, unaweka nta. Tuliyeyusha mishumaa ya zamani tukaongeza petroli ya taa kidogo. Petroli inaingia baada ya sufuria kutoka motoni na kuwekwa mbali na moto, hapana kabla. Kahindo, ukinakili kaye hii, hilo uliandike kwa herufi kubwa. Halafu tukasugua kwa kipande cha blanketi mpaka mabega yakakataa.

Jua likishuka sakafu ilikuwa rangi ya asali ya zamani. Aliyejua mabaka yalikuwa wapi aliweza kuyaona. Aliyekuwa hajui aliona kitu kizuri. Mama Mbambu alivua viatu, akatembea juu yake mpaka dirishani na kurudi. "Wasingya," akasema kwa Kinande, neno moja tu la shukrani, na akaenda kutafuta mapazia yake.

Siku ya posho wakwe waliingia. Msemaji wao alitazama chini kabla ya kusalimu, akauliza ni mbao gani. Baba Kakule alikuwa ameshuka toka safari saa mbili tu zilizopita na hakujua lolote. Akatazama sakafu yake kwa mara ya kwanza, akajibu kwamba rangi hiyo inatoka Dubai. Sisi tulikuwa mlangoni na sinia za vinywaji. Kavira alikohoa mpaka ikabidi atoke.

Kabla ya jioni wanawake watatu walikuwa wamemuuliza kama anaweza kufanya sakafu zao. Hakurudi nami Butembo. Nilimfikishia Mama Katungu habari yote, pamoja na neno langu la milango miwili. Alisikiliza, akatengeneza kitambaa chake kichwani, akasema nimepoteza mfanyakazi na kuokoa jina la huyo msichana, na kwamba ni sawa, lakini yeye angependa nirudi na vyote viwili.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya pale, nyumba za Butembo, Kalunguta, mpaka Mabalako. Nilivunja vioo viwili na karo nisizozihesabu. Nimechoka kwa namna nzuri. Toka siku ile kila aliyeniambia "hii iko na rangi" nilimsikiliza, hata alipokuwa amekosea, na mara nyingi walikosea.

Nilipomaliza kuandika hapa niliogopa nimejipendelea, ao nimejichukia kupita haki. Kwa hiyo nikateremka Beni na kaye, nikampa Kavira asome. Ana ekipe yake sasa, wanawake sita, na mikono yenye rangi ambayo haitoki tena. Alisoma na kidole chini ya kila neno, muda mrefu, chai yake ikapoa.

"Umeandika muzuri," akasema. "Lakini hapana yote."

Nikamuuliza nini kimebaki.

"Uliposema acha, nilielewa. Nilijua unataka twende. Lakini milio ya masasi ilikuwa mbali, yaya. Dakika tano ningesukuma yote mpaka inje. Nilitazama maganda, nikatazama mulango."

"Uliogopa. Ni haki."

"Sikuogopa. Nilikuwa na kasirani. Nilikuambia iko na rangi, ukanijibu kama mutoto. Nikasema mu roho, basi, wacha aone."

Sikujua niweke uso wangu wapi. Miaka yote ile nilikuwa nimeibeba sakafu ile peke yangu. Nikamuuliza kama sasa nipunguze sehemu yangu kwenye kaye. Akasema hapana, wewe ulifanya yako na mimi yangu, andika yote mbili. Nikamuuliza tena, kwa nini hakusema siku ile kwenye tangi la mvua, nilipokuwa nimesimama mbele yake.

Kavira akanywa chai yake baridi.

"Ulikuwa unaomba musamaha muzuri sana," akasema. "Sikutaka kukukatisha."